Mzee wa Kitanda cha Saba

Wasifu wa Zipora uliosomwa kaburini ulikuwa na mistari sita. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akapata watoto, akaugua, akafa. Waliokaa nyuma waliongeza mstari wa saba kwa kunong'onezana, kwamba huyu ndiye yule mwanamke aliyemuua mkwe wake. Waliusema huku wanakunywa chai ya msiba, na hakuna aliyepaliwa. Mimi nilisoma naye uuguzi kwa miaka mitatu kasoro wiki sita, tukilala chumba kimoja, na nimechoka kunyamaza. Nitaeleza alivyokuwa na jinsi jambo lenyewe lilivyotokea. Atakayechukia na achukie.

Alizaliwa milimani juu ya Same, kijiji ambacho ukifungua mlango asubuhi unakuta ukungu umefunika tambarare yote. Baba yake, Sefania, alikuwa mzee wa kanisa mwenye migomba, kahawa kidogo na maneno mengi. Zipora alikuwa msichana mrefu, mwenye mikono mikubwa aliyoionea haya na kuificha ndani ya khanga. Alimaliza shule ya misheni akiwa wa kwanza. Baba yake aliudhika, kwa sababu kaka yake Zipora alikuwa darasa lilelile na alikuwa wa mwisho.

Alipofika miaka kumi na saba akachumbiwa na Yusto, mwalimu wa kijiji cha pili. Mbuzi wakapelekwa, wazee wakanywa dengelua, pombe yao ya miwa, huku mchungaji akijifanya anaangalia migomba, na mambo yakaisha. Kuanzia siku ile, kwa mila ya Wapare, Zipora alikuwa mkwe, harusi ifungwe isifungwe. Hakuruhusiwa kumtazama baba yake Yusto usoni, wala kukatiza mbele yake, wala kulitamka jina lake. Hilo la jina ndilo kubwa. Mwanamke aliyetaja jina la mkwe wake alionekana ni sawa na aliyemvua nguo mbele za watu.

Sasa nisikilizeni, kwa maana jambo hili hamlisemi. Ni mkwe huyohuyo aliyemfanya Zipora asome. Binti alitaka uuguzi, Sefania akakataa kabisa, na Yusto akanyamaza. Yusto alikuwa hodari sana wa kunyamaza, mtaona. Mzee ndiye aliyetuma neno kupitia kwa mkewe, kwamba harusi itangoja. "Asome," alisema. "Mimi nimezika watoto wanne na sijui hata mmoja alikufa kwa nini. Nataka mtu nyumbani kwangu ajue." Zipora alinisimulia maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara alisema "baba" tu. Miaka yote mitatu sikupata kujua baba huyo anaitwa nani.

Tulikutana mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Mimi nilitoka Shighatini, Ugweno, na kwa kuwa Kigweno changu na Chasu chake, Kipare cha upande wa Same, havisikilizani, tuliongea Kiswahili. Siku hizi wasichana wanasomea uuguzi chuo kikuu, wanahitimu na joho, wazazi wanapiga picha. Chuo chetu kilikuwa banda la bati nyuma ya hospitali ya misheni, wasichana kumi na mmoja, na mifupa ya binadamu iliyochorwa kwenye shuka. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukaoga maji ya mlimani yanayouma meno, tukasali, tukaingia wodini kabla hakujapambazuka vizuri. Masomo yalikuwa alasiri, wakati ambao hata mwalimu mwenyewe anasinzia. Ukivunja kipimajoto ulifua mashuka kila Jumapili kwa muhula mzima. Hedwiga, mwenzetu mmoja, alivunja viwili, na hadi tunamaliza mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

Bibi wa hospitali, mkuu wa wauguzi wote, alikuwa Sista Dagny, Mzungu mwembamba aliyevaa funguo kiunoni. Sitamsingizia. Hakulala zaidi yetu, na wagonjwa wake hawakuoza migongo. Lakini sisi wanafunzi alituona kama ng'ombe wanaofundishwa jembe, na hakuona sababu ya kumwomba ng'ombe radhi. Sheria yake kubwa ilikuwa ya makabidhiano. Zamu inapobadilika, anayetoka lazima asimame na anayeingia, amtaje kila mgonjwa kwa jina lake, na anayeingia alirudie jina hilo. Ni marufuku kusema "yule wa dirishani" au "mzee wa kitanda fulani." Alikuwa akisema, "Kitanda hakiugui. Anayeugua ni mtu." Aliyekosea alisimamishwa katikati ya wodi, akayataja majina ya wagonjwa wote mara thelathini, nao wakimtazama.

Katika hayo yote Zipora alikuwa bora kuliko sisi, na simpambi kwa kuwa amekufa. Ile mikono aliyoionea haya ilikuwa na akili yake yenyewe. Mtoto aliyewashinda wauguzi wote alinyamaza alipobebwa naye. Aliupata mshipa kwenye mkono wa mtu aliyekaukiwa na maji mwilini, wakati mimi bado natafuta taa. Daktari alisema waziwazi kwamba atafaulu mtihani wa serikali kupita wote. Zipora alitaka kitu kimoja tu maishani, cheti kile, ili arudi kwenye kijiji cha Yusto awe mkunga na muuguzi. Usiku alikuwa akikihesabia siku, na sisi tulimcheka.

Zilipobaki wiki sita na siku chache, mzee akaletwa. Alikuwa na ngiri ya siku nyingi iliyoanza kumtesa. Alibebwa kwa machela kutoka kijijini, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha saba. Zamu ya wodi ile ilikuwa ya Zipora.

Alikwenda ofisini kwa Sista Dagny kuomba ahamishiwe kwa wanawake. Alieleza vizuri, kwa adabu, kwamba yule ni mkwe wake na kwamba kwao haiwezekani. Sista hakuinua uso kutoka kwenye karatasi zake. "Wodini hakuna mkwe," alisema. "Kuna mgonjwa na kuna muuguzi. Kama wewe si muuguzi, uniambie leo."

Kesho yake alimjaribu makusudi. Alimtembeza kitanda baada ya kitanda, mbele ya watu wote, amtaje kila mgonjwa. Kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, Zipora alitaja. Alipofika cha saba akainamisha kichwa. Sista akangoja. Wale wazee wa Kipare waliokuwa wamelala mle walijua wanachokiona, wengine wakageukia ukutani kwa aibu. Mwishowe yule mzee akavuta blanketi akajifunika uso, akasema kutoka humo ndani, "Mama, jina langu nitalisema mwenyewe. Mwacheni mtoto." Akalisema. Sista alimnyima Zipora Jumapili zote zilizobaki, akamwambia, "Safari nyingine utakaposhindwa kutaja jina, utafunga sanduku lako uende kwenu."

Mimi sikuwepo. Nilikuwa wodi ya wanawake, nikasimuliwa na Hedwiga, naye jina hakulitia katika masimulizi. Wote tulimwonea huruma Zipora. Wasichana waliopokea zamu kwake siku zile walimsaidia kwa njia yao. Walipofika kitanda cha saba, yeye alinyamaza, anayeingia akalitaja jina kwa niaba yake, wakaendelea. Ndivyo ilivyokwenda siku nne.

Siku ya tano ilikuwa siku ya kupasuliwa mzee. Tumainieli, mwenzetu aliyepaswa kupokea zamu ya asubuhi, aliamka na homa kali, nikapelekwa mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza wodi ya wanaume muhula ule. Zipora alikuwa amekesha, macho mekundu. Tukapita kitanda kwa kitanda, yeye anataja, mimi narudia. Tulipofika cha saba mzee alikuwa amelala kifudifudi, shuka hadi kisogoni. Zipora akatazama sakafu.

"Mzee wa kitanda cha saba," alisema. "Anapasuliwa saa tatu. Asile wala asinywe kitu."

Akaningoja nilitaje jina. Nami sikulijua. Ningeweza kuinama nikasoma kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, ilikuwa hatua moja tu. Ningeweza kumwuliza. Lakini nilijua huyu ni nani kwake, na mimi pia nimelelewa milimani, na niliona haya kumbana mwenzangu. Nikasema, "Haya, dada, nimeelewa. Nenda ukalale." Akanishika mkono kwa shukrani, akaenda.

Nikatoka nyuma kumwaga vyombo vya haja na kuvisugua. Nilikuwa huko Sista alipopita. Alitaka mgonjwa wa upasuaji awe karibu na mlango wa chumba cha kupasulia, kwa hiyo akamwamuru Fanueli, dresa wetu mfunga vidonda, amhamishe. Mzee wa kitanda cha saba akapelekwa cha kwanza, na wa cha kwanza, mzee mmoja mnung'unikaji aitwaye Asheri, akapelekwa cha saba. Fanueli alihamisha watu pamoja na kadi zao, kama ilivyotakiwa. Hakukosea kitu. Niliporudi na ndoo ya uji, wodi ilikuwa imetulia na kila kitanda kina mtu. Nyuso zao nilizipitia mara moja tu, kabla hakujapambazuka, na hazikuwa zimenikaa.

Nikagawa. Kitanda cha kwanza alikuwa ameketi mzee mwenye sharubu nyeupe, mpole. Nikamwambia shikamoo baba, akasema marahaba mwanangu, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Akaniuliza kama kweli anaruhusiwa, kwa kuwa jana yake alisikia atafungishwa, asile kitu. Nikamwambia, "Kunywa, baba, aliyefungishwa ni wa kitanda cha saba." Akaniamini. Kwa nini asiniamini, nilikuwa nimevaa kofia nyeupe. Akanywa wote, akaomba kuongezewa, nikamwongeza. Nilipofika kwa Asheri nikampita, akaanza kulalamika, nami nikamwambia anyamaze maana anapasuliwa. Akasema alikuja kukatwa kidole cha mguu kilichooza, na kilikuwa kimeshakatwa wiki iliyopita. Hata hilo halikunishtua. Wanaume wazee husema mengi wakinyimwa uji.

Saa tatu kasoro Fanueli akaja na karatasi ya chumba cha kupasulia na machela. Akasimama mlangoni akasoma, "Melkizedeki."

"Niko hapa," akasema yule mzee wa kitanda cha kwanza, bakuli tupu likiwa bado mapajani mwake.

Nitaandika hapa ambalo sijapata kulisema. Nilielewa palepale. Si baadaye, si walipoleta habari. Nilisimama na ndoo yangu nikaelewa kila kitu, nani amekula na nani hakula na kwa sababu gani. Tulifundishwa kuhusu etha, dawa ya usingizi, mwaka wa kwanza. Mtu mwenye tumbo lililojaa akinusishwa etha atatapika akiwa usingizini, na matapishi yataingia mapafuni. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye jaribio nikapata alama zote. Nililichukua bakuli mapajani mwake, nikamfuta sharubu kwa kona ya aproni yangu, nikasaidia kumweka kwenye machela. Kwenye mlango wa chumba cha kupasulia Daktari akauliza, mikono ikiwa imeshaoshwa, "Tumbo tupu?"

Niliona banda la bati. Niliona sanduku langu na njia ya kushuka Same. Niliona uso wa mama yangu Shighatini.

"Tupu, Bwana Daktari," nikasema.

Alikufa kabla ya saa tano. Fanueli alitoka akiwa amelowa kifuani, akakaa kwenye ngazi. Kule wodini Asheri alikuwa bado anadai uji wake. Nikampelekea. Akanishukuru, akasema Mungu anibariki.

Shauri lilisikilizwa siku ya tatu, baada ya maziko, katika chumba cha darasa, chini ya ile shuka ya mifupa. Walikuwepo Daktari, Sista Dagny, Mchungaji Eliezeri, mjane wa marehemu na Yusto. Zipora alisimamishwa mbele. Alikuwa amekonda kwa siku tatu, na mikono yake ilining'inia tu, hakuificha tena. Sista akamwuliza alimkabidhi nani kwangu asubuhi ile.

"Mzee wa kitanda cha saba," alisema.

"Jina lake?"

Akainamisha kichwa.

"Amekufa," Sista alisema. "Sasa utaje. Utaje jina la mtu aliyekufa kwa sababu hukumtaja."

Zipora alilia bila sauti, lakini jina halikutoka. Kwake kufa hakukumpunguzia mzee heshima yake. Nilifikiri labda upande wa Yusto, waliomfunga kwa mila hiyo, wakapeleka wale mbuzi na kunywa dengelua, watasimama kumtetea. Mjane alisimama kweli. Alijifunga khanga vizuri, akasema, "Mimi ni mama mkwe wake. Angelitaja. Kwa uhai wa mtu, nani angemlaumu? Aliona raha kumwua mume wangu kwa adabu." Lau angelitaja na mzee akapona, mama yuleyule angetembea kijiji kizima akisema wamechumbia mhuni. Nawajua watu wetu. Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Yusto alitazama viatu vyake, akanyamaza.

Nikaulizwa mimi. Je, ulisikia jina? Nikasema sikusikia. Ilikuwa kweli. Je, uliamini kwamba wa kitanda cha saba ndiye asiyekula? Niliamini. Kweli tena. Hakuna aliyeniuliza niliacha kuamini saa ngapi. Kisha, kwa kuwa sikuweza kuvumilia uso wake, nikaongeza maneno ambayo sikuombwa. Nikasema hata kwetu Ugweno hatutaji, na ningekuwa mimi, nisingetaja. Sista akanikaripia nikae. Zipora aligeuka akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, kabla wala baadaye. Alinitazama kwa shukrani.

Alivuliwa kofia na aproni mlemle chumbani. Sista alitoa mkasi kutoka mfuko wa aproni, akauhesabu kuwa ni mali ya hospitali. Posa ilivunjwa siku hiyohiyo nje ya mlango, Yusto akiwa amesimama nyuma ya mama yake. Zipora alishuka mlima peke yake na sanduku kichwani. Baba yake Sefania alimpokea wiki mbili, kisha akampeleka kwa mgane mmoja wa Lembeni, Manase, mwanamume wa makamo aliyehitaji mtu wa kulea watoto wake na hakuuliza maswali. Wiki sita baadaye nilifanya mtihani wa serikali. Nilifaulu kupita wote.

Tulionana tena mara moja, mwaka 1959. Nilikuwa narudi Same kwa garimoshi, nimevaa sare ya serikali na saa ya muuguzi kifuani. Pale Lembeni likasimama muda mrefu, nikashuka kunyoosha miguu, na pale kando ya reli, kwenye jua lile la tambarare, alikuwa ameketi Zipora na ungo wa ndizi mbivu. Alinitambua kwanza. Alinikumbatia kwa nguvu hadi saa yangu ikaniumiza.

Aliniuliza habari za wodi, za Hedwiga, za Sista. Hakuuliza kwa uchungu. Nikamjibu kwa kifupi, nikitazama kama treni inaondoka. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, akipanga ndizi zake, "Unajua, naweza kulitaja sasa. Melkizedeki. Tangu walipovunja posa si mkwe wangu tena. Nilipofika bondeni pale kwenye kijito nikasimama nikalisema. Nikalisema mara thelathini, kama wodini." Akafukuza nzi juu ya ungo. "Mbele ya wote wale, ni wewe peke yako uliyesema neno la kunitetea. Sijasahau, Justa. Hata siku moja."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini yeye alikuwa ameshageuka anamtafuta mwanawe kati ya watoto waliokuwa wanacheza kwenye kokoto za reli.

"Justa!" akaita. "Justa, njoo umsalimie wajina wako."

Akaja msichana wa miaka minne hivi, mrefu kwa umri wake, vumbi hadi magotini. Alikuwa na mikono mikubwa.

"Nilitaka awe na jina la mtu aliyesema kweli," Zipora alisema.

Mtoto akanishika vidole, akaniambia shikamoo. Nikamwambia marahaba, nikapanda garimoshi.